Mtaa Usiomaliza Vitabu

Nakiri tangu mwanzo kwamba niliwahi kuwa na ushahidi wote mbele yangu nisione kitu. Nilipoandika taarifa rasmi ya miaka kumi na mmoja ya Mgawanyi, majedwali yote yalikuwa mezani pangu. Katika jedwali la kumi na saba palikuwa na safu wima yenye sifuri tupu kutoka juu hadi chini. Niliiona. Niliiandikia maelezo ya mistari miwili, kwamba wakazi wa Mtaa wa Karakana huanza vitabu kwa ari lakini hukosa ustahimilivu wa kuvimaliza, kisha nikafungua jedwali la kumi na nane. Haikunijia kujiuliza inakuwaje mtu anayeshindwa na vitabu ashindwe kila mara mahali palepale, ukurasa mmoja kabla ya mwisho.

Mgawanyi alikuwa akili-unde iliyogawa vitabu katika jiji lote la Makambako na wilaya zinazolizunguka. Kila alfajiri, kabla treni za kwanza hazijaondoka kwenye makutano ya reli, alikuwa amekwisha kupitia maombi ya wasomaji elfu mia tatu, amekwisha kuamua nani apewe kitabu gani, kwa ada gani na kwa siku ngapi. Watu walipoamka walikuta vitabu vimeingia katika visomeo vyao. Kisomeo kilikuwa bamba jepesi, pana kuliko kiganja, lenye wino uliojipanga upya kila ukurasa ulipofunguliwa. Hakikuhitaji umeme mwingine isipokuwa joto la vidole vya msomaji. Katika mji ule wa baridi na upepo, ilikuwa kawaida kumwona mtu amekunjua mikono juu ya jiko la mkaa kwa dakika mbili tatu, kisha ananyanyua kisomeo na kuendelea na sura aliyoiacha. Kina mama walikiviringisha katika kanga. Mafundi walikifuta vumbi kwa mkono wa shati. Kilikuwa kimezoeleka kama kijiko.

Jambo ambalo halikuzoeleka, na ambalo wengi hawakulielewa, ni kwa nini kitabu kisicho na karatasi kiishe. Wachapishaji walikuwa na hoja yao. Kitabu cha karatasi huchakaa, maktaba hununua kingine. Kitabu cha wino-hai hakichakai, na maktaba ingekinunua mara moja mpaka siku ya kiyama. Basi wakakubaliana kisheria kukichakaza. Kila nakala iliyouzwa kwa Ghala la Vitabu la jiji iliruhusiwa miazimo ishirini na sita tu. Mwazimo wa ishirini na sita ukirudi, nakala ilikufa, yaani ilijifuta yenyewe, na Ghala lilipaswa kununua nyingine kwa bei iliyokuwa mara nne ya ile aliyolipa mtu binafsi.

Mhandisi Gwantwa Kasyupa ndiye aliyepunguza makali ya mpango huo. Alikuwa na miaka thelathini tu alipotambua kwamba wasomaji wengi humaliza kitabu siku ya tano au ya sita, kisha hukaa nacho bure mpaka siku ya ishirini na moja, huku wengine wakingoja. Akatunga kanuni ya ukurasa wa mwisho. Msomaji alipoufungua ukurasa wa mwisho, kisomeo kilihesabu dakika moja na nusu, muda wa kutosha kuusoma, kisha kitabu kikarudi Ghalani chenyewe. Asiyemaliza aliruhusiwa kuongeza muda mara tatu, kwa sababu Gwantwa hakutaka kumwadhibu msomaji wa polepole. Foleni ya vitabu ilishuka kutoka miezi minne hadi siku kumi na moja. Wachapishaji walifurahishwa na mzunguko huo, wakapandisha kikomo kutoka miazimo ishirini na sita hadi arobaini, kwa sharti moja lililoandikwa kwa herufi nzito katika mkataba: mwazimo mmoja, msomaji mmoja.

Gwantwa pia ndiye aliyekataa kisomeo kiwe na jicho. Wakubwa wake walitaka kitambue uso wa anayesoma. Yeye alisema kwamba mtu anayesoma hapaswi kutazamwa, akashinda. Kwa hiyo Mgawanyi hakujua sura ya mtu yeyote. Alijua kurasa tu: upi umefunguliwa, lini, na kwa muda gani.

Kutokana na kurasa hizo alipanga mitaa katika madaraja. Mtaa uliomaliza vitabu ulipewa vingi na kwa ada ndogo, kwa kuwa mwazimo wake haukupotea. Mtaa usiomaliza ulipandishiwa ada na kupunguziwa kikomo. Miazimo ilikuwa michache, nayo ilibidi iende kwa wanaoitumia. Hivyo ndivyo hesabu ilivyosema, na hakuna aliyeipinga. Mtaa wa Karakana, ambako waliishi mafundi wa mapanga ya mitambo ya upepo, ulianza na vitabu vitano kwa kila kisomeo. Ukashushwa hadi vitatu, kisha viwili. Mwaka wa kumi na mmoja ulibaki na kitabu kimoja, na ada ya mwazimo ilikuwa imepanda kutoka shilingi mia mbili hadi mia tisa.

Barua ya Twilumba Mligo ilifika ofisini kwa Gwantwa mwezi Juni. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika vipimo kwenye mbao. Twilumba alijitambulisha kuwa fundi gundi wa mapanga kwa miaka ishirini na sita. Aliomba kuingia Chuo cha Ufundi wa Upepo ili asomee ukaguzi. Mikono-mashine ilikuwa imechukua kazi zote nzito katika karakana, lakini panga lililokamilika lilikaguliwa bado na binadamu, aliyeligonga kwa nyundo ya mti kutoka shina hadi ncha huku akisikiliza kama kuna ufa ndani. Masikio ya Twilumba yalikuwa mazima, jambo lisilo la kawaida kwa watu wa pale. Chuo hakikupokea mtu aliyetimiza miaka hamsini. Yeye angeitimiza baada ya siku kumi na tisa.

Chuo kilikuwa kimemkataa kwa kutumia cheti cha usomaji, ambacho kwa miaka mitatu sasa kilitolewa na Mgawanyi mwenyewe. Kila mwombaji alitakiwa kuwa amemaliza vitabu kumi na viwili, kama uthibitisho kwamba ataweza kusoma miongozo minene ya kazi. Cheti cha Twilumba kilisema sifuri. Barua yake ilimalizika kwa maneno haya: “Mashine yenu inasema sijamaliza kitabu hata kimoja. Inasema kweli. Lakini ninaomba mtu mwenye macho aje.”

Gwantwa alifungua kumbukumbu zake. Kisomeo kilichoandikishwa kwa jina la Twilumba kilikuwa kimeazima vitabu mia moja na sitini. Kila kimoja kilisomwa kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka ule unaotangulia wa mwisho. Kisha kilirudishwa mwanzo, kikasomwa tena, na tena, mara tisa, kila mara kwa mwendo tofauti. Msomaji huyo angeumaliza ukurasa kwa dakika moja wiki hii, kisha wiki ijayo aukalie dakika nne. Mgawanyi alikuwa ameliwekea jambo hilo jina: msomaji aliyekwama. Alikuwa akimpendekezea vitabu vya watoto.

Jumapili saa tisa alasiri, baada ya ibada, Gwantwa alikwenda Karakana. Twilumba alimpokea mlangoni, mwanamke mrefu mwenye madoa meupe ya gundi yasiyotoka kwenye vidole. Walisalimiana kwa Kibena, kamwene kwa kamwene, ingawa Gwantwa alikuwa mtu wa Rungwe na matamshi yake yalimfanya mwenzake atabasamu. Ndani ya ukumbi, panga moja la mita sitini lilikuwa limelazwa juu ya vigingi, nalo lilikuwa benchi lao. Watu wanane walikuwa wamekaa juu yake, kuanzia pale lilipo nene mpaka lilipoanza kupungua. Twilumba alipokaa wakawa tisa.

Ndipo Gwantwa alipoona kile ambacho majedwali hayakuweza kumwonyesha. Kisomeo kilikuwa kimoja kwa nyumba zote tisa za mtaa. Kila mmoja alikaa nacho siku tisa, akasoma mpaka ukurasa ule unaotangulia wa mwisho, akampa anayefuata. Muda wa kwanza wa siku ishirini na moja pamoja na nyongeza tatu ulifanya siku themanini na nne, na tisa mara tisa ni themanini na moja. Siku tatu zilizobaki zilikuwa za dharura, mtu akiugua. Hawakukisoma kitabu kwa sauti, wala wasingeweza, kwa sababu wanne kati yao masikio yalikuwa yameliwa na msasa wa umeme zamani, kabla mikono-mashine haijaja. Aliyezidi wote kwa kupenda vitabu, Mama Edina Kiswaga, hakusikia hata treni.

Mwanzoni waliuacha ukurasa wa mwisho kwa sababu ya kubana matumizi tu. Aliyeufungua angekirudisha kitabu Ghalani na kuwanyima waliokuwa nyuma yake. Lakini kwenye kitabu cha kwanza kabisa, zamu ya msomaji wa tisa ilipofika na hakuna tena wa kumnyima, naye hakuufungua. Alisema haoni kwa nini awe peke yake. Tangu siku hiyo ilikuwa desturi. Jumapili ya mwisho ya kitabu walikutana juu ya panga na kuutunga mwisho wao. Desturi hiyo waliiita kumalizia.

Siku hiyo walikuwa wakimalizia hadithi ya daktari wa mifugo aliyerithi nyumba yenye wapangaji wasiotaka kuhama. Waliongea wakitazamana usoni, polepole, ili wasiosikia wasome midomo, na Mama Edina alikuwa na ubao mdogo mapajani. Fundi Lutengano Mgaya, mtu mfupi aliyesugua mapanga kwa miaka thelathini, alidai kwamba kwa tabia alivyo yule daktari, ni yeye atakayehama na kuwaachia wapangaji nyumba. Wengine walimcheka, wakasema anasema hivyo kwa kuwa mwenyewe anaishi kwa mkwewe.

“Nacheka na nyie,” alisema Lutengano bila kucheka. “Lakini someni tena ile sura ya mvua. Mtu anayeziba paa la mpangaji kabla ya lake, huyo amekwisha kuhama, bado mizigo tu.”

Mama Edina aliandika ubaoni, akaugeuza ili wote waone. Alikuwa ameandika kwamba nyumba yote atairithi yule mbuzi wa daktari. Ubishi ulichukua karibu saa nzima. Hatimaye walikubaliana na Lutengano, isipokuwa daktari aliruhusiwa kubaki na chumba kimoja cha uani. Gwantwa alikuwa amekisoma kitabu hicho na alijua jinsi kinavyokwisha. Hakuwaambia, na baadaye aliniambia kwamba kwa muda aliona mwisho wao unafuata kwa haki zaidi kutoka kwenye kurasa zilizotangulia.

Alipouliza kwa nini hakuna anayeshindwa kujizuia, Mama Edina alisoma midomo yake na kujibu kwa mdomo, kwa sauti kubwa isiyojipima ya mtu asiyejisikia.

“Anayeujua mwisho anakuwa mwenyeji, mwanangu. Sisi wengine tunakuwa wageni wake.”

Gwantwa aliwaeleza alichokuja kukieleza, na alikieleza kwa uangalifu, kwa kuwa lilikuwa jambo lenye pembe mbili. Angeweza kuandika barua kwa Chuo na kusema kweli, kwamba Twilumba Mligo amesoma vitabu mia moja na sitini na kwamba mashine haikuona. Lakini kweli hiyo ilikuwa na watu wanane ndani yake. Wachapishaji wangeisoma pia. Mwazimo mmoja, msomaji mmoja. Karakana ingefutwa katika orodha ya Ghala, na huenda mkataba wote wa miazimo arobaini ungerudishwa mezani, nao ulilisha jiji zima. Asipoandika, Twilumba angetimiza miaka hamsini akiwa fundi gundi.

Palikuwa na njia ya tatu. Mgawanyi hakuwa amezisahau kurasa zilizosomwa. Kama Twilumba angeviazima upya vitabu kumi na viwili kati ya vile vya zamani na kufungua ukurasa wa mwisho wa kila kimoja, hesabu ingekamilika na cheti kingebadilika usiku huohuo. Vitabu vilivyokuwa bado hai na visivyo na foleni vilikuwa kumi na viwili kamili, pamoja na hiki cha daktari. Ila vitatu kati yake vilikuwa vimebakiza mwazimo mmoja tu, wa arobaini. Vikifunguliwa na kurudi, vitakufa, na Ghala halikuwa na mpango wa kuvinunua tena mwaka huo. Vitabu vitatu vingeondoka jijini ili mtu mmoja atazame kurasa tatu.

Twilumba ndiye aliyesema kwanza, akasema hataki. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayekataa chai. Alisema kuna watu huko mjini watakaovitafuta vitabu hivyo vitatu na kuvikosa, na hawatajua kwamba ni kwa sababu yake.

Mjadala uliofuata haukuwa wa kelele. Mmoja alisema ukaguzi wenyewe ni kazi ya kugonga na kusikiliza, vitabu vinahusianaje. Mwingine alisema panga lililopasuka mwaka juzi na kumuua fundi aliyekuwa chini yake lilikaguliwa na mwenye cheti kizuri na masikio mabovu. Maneno hayo yalibadilisha sura za watu. Lutengano alimgeukia Twilumba.

“Da Twilumba,” alisema, “sisi tunafanya kazi chini ya mapanga hayo. Mimi nataka anayeyagonga awe anasikia. Soma hizo kurasa.”

“Nikizisoma nitavijua vyote kumi na viwili.”

“Utavijua. Basi usitwambie.”

Mama Edina alikuwa amefuata midomo yao. Alikichukua kisomeo kutoka kwa jirani yake, akakishika kwa viganja viwili mpaka kikapata joto, akampa Twilumba.

Waliamua kutotoka nje, kwa kuwa upepo wa Juni ulikuwa mkali. Wanane wale waligeuka juu ya panga, wakampa Twilumba mgongo, wakatazama ukuta wenye vipimo na majina ya mikono-mashine. Gwantwa alisimama kando akithibitisha miazimo iliyozidi kikomo cha mtaa. Kila kitabu kiliingia, kikafunguka mahali pale palipokuwa pameachwa, Twilumba akasogeza kidole mara moja, akasoma dakika moja na nusu, kikaondoka. Lutengano alisema, akiwa anatazama ukuta, kwamba Twilumba akicheka watajua ni kitabu gani. Hakucheka. Kwenye kitabu cha saba alivuta pumzi kwa ghafla, kama aliyejichoma sindano. Wale waliosikia hawakugeuka, na wasiosikia hawakujua kwamba palikuwa na la kugeukia. Kitabu cha daktari kilikuwa cha mwisho. Kazi yote ilichukua dakika ishirini na sita.

Usiku huo Mgawanyi alibadilisha maelezo ya kisomeo kile kutoka msomaji aliyekwama kuwa msomaji aliyepona. Ndivyo ilivyoandikwa katika jedwali. Jumatano Chuo kilimpokea Twilumba Mligo, siku kumi na mbili kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine Karakana aliyewahi kumaliza kitabu, vile kumi na viwili vilitosha kuupandisha mtaa daraja. Kikomo kilirudi vitabu vitano, ada ikashuka mpaka mia mbili. Vitabu vitatu vilifutika. Kimoja kilikuwa historia ya njia za chumvi, na kumbukumbu zinaonyesha kwamba mwaka huo watu kumi na wanne walikiomba.

Gwantwa hakuandika popote juu ya wale tisa. Aliiandikia bodi ya Ghala barua fupi akipendekeza cheti cha usomaji kisitolewe tena kwa vyuo wala kwa waajiri. Kama uthibitisho aliambatisha kumbukumbu za alasiri moja, bila jina, ambapo msomaji alimaliza vitabu kumi na viwili kwa dakika ishirini na sita. Aliandika kwamba ukurasa uliofunguliwa si ushahidi wa kitabu kilichosomwa, wala ukurasa usiofunguliwa si ushahidi wa kitabu kisichosomwa. Bodi ilikubali sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo. Cheti kilifutwa baada ya miezi saba.

Jumapili iliyofuata Twilumba alikwenda kukaa na wenzake juu ya panga kama kawaida. Kitabu kilikuwa kipya, kumalizia kwake bado kulikuwa mbali, hakukuwa na hatari. Lakini watu wa Karakana walikuwa wameishi na miisho yao kwa miaka kumi na mmoja, na miisho hiyo ilikuwa imeingia katika maneno yao. Hata ule wa wiki iliyopita ulikuwa umekwisha kuingia: mtu aliyeacha haki yake kwa hiari walisema amechukua chumba cha uani. Lutengano aliposema hivyo juu ya mkwewe, na wote wakacheka, macho mawili matatu yalimwendea Twilumba, kwa haraka, yakarudi. Walikuwa wakimtazama kuona kama mwisho wao ndio uliokuwa kitabuni.

Alijitahidi kuufanya uso wake usiseme kitu. Uso usiosema kitu, mbele ya watu wanaosoma midomo, husema zaidi. Jumapili ya tatu, waliokwisha kukisoma kitabu kipya walipokuwa wakibishana juu ya mwanamke wa hadithini aliyemngoja mumewe, mmoja akakumbushia mwanamke mwingine, wa kitabu cha zamani, kile cha saba, ambaye wao walimfanya arudi kwao salama. Twilumba aliinamisha kichwa. Lutengano aliona.

“Da Twilumba,” alisema taratibu, “hatujakuuliza. Ila usitutazame hivyo.”

“Sijawatazama.”

“Ndiyo hivyohivyo.”

Aliendelea kwenda mpaka Agosti, masomo yalipoanza. Baadaye, alipokuwa mkaguzi, karakana ilimpa kisomeo chake mwenyewe, maana wakaguzi hupokea miongozo mipya kila mwezi na hutakiwa kuifikisha mwisho. Anasoma pia hadithi. Gwantwa aliwahi kumuuliza anasomaje siku hizi, akajibu kwamba anasoma haraka, na kwamba akifika ukurasa wa mwisho huufungua kwa sababu hakuna wa kumngoja. Mapanga mawili aliyoyagonga mwaka wake wa kwanza yalikutwa na nyufa ambazo vipima-sauti havikuzinasa. Yalivunjwavunjwa kabla hayajapandishwa mnarani. Lutengano Mgaya bado anafanya kazi chini ya mapanga hayo, na wanapokutana kazini husalimiana vizuri, hutaniana, huulizana habari za watoto. Hawaongei juu ya vitabu.

Mkataba wa mwazimo mmoja, msomaji mmoja ulikwisha muda wake miaka miwili iliyopita, ndiyo sababu mambo haya sasa yanaweza kuandikwa bila kumdhuru mtu. Nimeiomba bodi ruhusa ya kusahihisha ile mistari miwili chini ya jedwali la kumi na saba, nayo imenipa. Kisomeo cha Karakana kimeandikishwa upya kwa jina la Edina Kiswaga. Safu yake imerudi kuwa sifuri, na wasomaji wake ni wanane.